Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Arusha

Ndugu wanachama,

Semina za walimu wa fizikia zilifanyika, ziara ya Mererani nayo ilifanyika, mlikuwepo. Hesabu atazisoma mweka hazina.

Niseme lile lililoleta maneno. Sh 2,400,000 za mfuko wetu zilipeleka sampuli za mkaa wa mifupa, ule wa kuchujia maji, kwenye maabara ya nje yenye akselereta, mashine ya kuzipa kasi chembe za atomu, badala ya kununua kipima eksirei cha mkononi. Wapo wanaosema mwenyekiti amechezea fedha. Kamati ilikaa, ikapiga kura, nikatia saini, na leo ningetia tena.

Tatizo letu huku Meru ni floraidi, chumvi ya florini iliyozidi kwenye maji ya kunywa. Nendeni Maji ya Chai muwatazame watoto wakicheka: meno ya kahawia, mengine yamemomonyoka. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mkaa wa mifupa huinasa, lakini mama mwenye chujio atajuaje kuwa mkaa wake umeshiba? Kipima cha mkononi husoma eksirei za kila elementi; kinafaa kwa chuma, shaba, hata vanadiamu inayoipa tanzanaiti buluu yake. Kwa florini, hapana: eksirei zake ni dhaifu mno, hewa tu inazimeza. Lakini kwenye akselereta, protoni, chembe za kiini cha atomu, zilizoongezwa kasi hadi nishati ya mamilioni ya elektronivolti hukigonga kiini chenyewe cha florini, kikatoa mionzi ya gama inayopenya mkaa bila shida. Mwale huohuo wa protoni hung'oa elektroni za ndani za kalsiamu, madini ya mfupa, zikatoka eksirei zake. Basi kwa kipimo kimoja tunajua floraidi ni kiasi gani, na mfupa ni kiasi gani. Njia hiyo ya eksirei ilianzia Lund, Sweden, mwaka 1970. Si jambo la kubahatisha. Vile vidonge vya kijivu mlivyoviona mezani nilivisaga na kuvikandamiza mimi, usiku, baada ya kazi.

Nasikitika kwamba kikao cha kuandaa sampuli tulihudhuria watano. Wanachama tuko 58, waliolipa ada ni 21, na sauti kubwa kwenye lawama haimo katika hao 21. Ada ni Sh 30,000 tu kwa mwaka, jamani.

Panapo majaliwa, tutabisha hodi Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru na Tume ya Nguvu za Atomu pale Njiro, tuone kama siku moja Arusha itakuwa na mwale wake. Majibu ya maabara yakifika, yatasomwa kwanza Maji ya Chai, mbele ya akina mama waliotupa mkaa wao.

Mwenyekiti