Risala ya Klabu ya Kusoma kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Vitabu, Ujiji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Mtendaji wa Kata,
Mwalimu Mkuu na walimu wote,
Shekhe wetu na Mchungaji wetu,
Wazazi, walezi na wanafunzi,

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wote, habari za mchana. Tunasema mchana kwa sababu risala hii iliandikwa isomwe saa tatu asubuhi.

Mheshimiwa, awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu yako mengi. Wewe ni mtoto wa hapa hapa. Umekula embe za Ujiji kwa kuzirushia mawe kama sisi, na ingawa sasa unakaa Dar es Salaam, kamati ilipopiga kura ya nani aalikwe jina lako lilipita bila mpinzani. Jina la pili lilikuwa la mtu aliyewahi kualikwa. Tutafika huko.

Kwa ufupi wa historia, Klabu ya Kusoma ilianza mwaka 2021 chini ya mwembe ulio nyuma ya darasa la nne, ikiwa na wanafunzi 9. Mwembe bado upo na klabu bado iko chini yake.

Mafanikio ni mengi na muda ni mfupi, kwa hiyo tutataja makubwa tu. Wanachama wameongezeka kwa asilimia 200, kutoka 9 hadi 27. Klabu imefika kimataifa: mwanachama wetu alisoma shairi katika redio ya hapa Kigoma, na kwa kuwa redio hiyo inasikika hadi Burundi, kamati imeliandika jambo hilo chini ya kichwa cha mahusiano ya nje. Tumeanzisha maktaba, yaani kabati moja la mninga lenye kufuli na vitabu 43, kati yake 11 havina jalada. Vingine vilikuja kama msaada katika maboksi mazito sana, tukayabeba kwa shangwe, na tulipofungua tukakuta miongozo ya kutengeneza magari, kwa Kiingereza. Hatuna ugomvi na aliyeleta. Boksi moja linatumika kama kiti.

Kubwa kuliko yote, Mheshimiwa, klabu hii imeandika riwaya. Si insha, wala si ngonjera ya kumpokea mgeni. Ni riwaya ya watoto yenye sura 12, iliyoandikwa kwa mkono na wanachama wote pamoja na mwalimu mlezi katika kaunta buku tatu.

Ujiji imeandikwa sana. Stanley alimkuta Livingstone hapa mwaka 1871, na maneno aliyomwambia yamezunguka dunia nzima. Lakini walioandika wengi walikuwa wapita njia. Ndani ya kabati letu hakuna hata kitabu kimoja ambacho mtoto wa Ujiji ndiye anayesema na wengine wanamsikiliza.

Chanzo cha riwaya ni ziwa. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, Ziwa Tanganyika lilipumzishwa, uvuvi ukasimama. Wakubwa tulikuwa tunalalamikia bei ya dagaa. Watoto waliona jambo jingine: mbwa koko wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, waliozoea vichwa vya migebuka na matumbo ya samaki, walianza kupanda mitaani. Mmoja, dume jekundu lenye sikio moja, akahamia chini ya mwembe wetu. Wiki ya kwanza alipigwa mawe. Wiki ya pili mtoto mmoja akauliza, je, na yeye amefungiwa ziwa? Mwalimu mlezi akaliandika swali hilo ubaoni, na ndivyo sura ya kwanza ilivyopatikana.

Katika riwaya yumo Tatu, mwenye miaka tisa, aliyeletwa Ujiji kutoka upande wa Kasulu akae na bibi yake anayeuza mawese. Kiswahili chake kimechanganyika na Kiha, na kila akifungua mdomo darasani wenzake wanacheka, mpaka akaona bora aufunge. Saa ya mapumziko anakaa peke yake upande wa vyoo. Hapo ndipo anapokutana na mbwa asiye na mtu. Bibi hataki mbwa. Majirani wakimwuliza huyu mbwa wa nani, anajibu kwa mkato, "Ana wenyewe." Basi mbwa akaitwa Wenyewe.

Mheshimiwa, naomba nisome mistari michache tu, maana risala nyingi hutaja kazi za watoto bila mtu kuzisikia:

"Tatu aliweka kichwa cha mgebuka juu ya kifuniko cha ndoo, akarudi nyuma hatua tano. Mbwa hakuja. Akarudi kumi. Hakuja. Akamgeuzia mgongo, akaanza kuhesabu kimoyomoyo kwa Kiha, kwa sababu kwa Kiha hakuna aliyekuwa akimcheka. Alipofika saba akasikia mfupa unavunjika."

Aliyeandika mistari hiyo yuko darasa la sita. Mwaka aliohamia hapa, walimu wake wanasema hakunyoosha mkono hata mara moja. Leo ameketi mstari wa mbele, na hatutamtaja kwa sababu ametuomba tusimtaje.

Si kila mtu alifurahi. Baadhi ya wazazi walihoji inakuwaje watoto wa Kiislamu waandike kurasa nzima juu ya mbwa, ilhali mate yake ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hoja hiyo ni ya kweli na kamati haikubishana nayo. Tulikwenda kwa shekhe wa mtaa, naye akatukumbusha hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa na kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kisha akatoa sharti: Wenyewe alale nje, na Tatu aonekane ananawa. Ndivyo sura ya nne ilivyozaliwa. Kifuniko cha ndoo kinaoshwa mara saba, na watoto wanaupenda ukurasa huo kuliko yote kwa sababu bibi anapotewa na hesabu akifika tano, analazimika kuanza upya.

Baadaye afisa mifugo naye akasoma, akasema kitabu kinachomkaribisha mtoto kwa mbwa koko bila kutaja kichaa cha mbwa ni kitabu cha hatari. Tukanywea, halafu tukaandika upya sura ya tisa. Mtoto wa jirani anang'atwa na mbwa mwingine. Tatu anamwosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, huku mtoto analia na watu wazima wanabishana kama wapake mafuta ya taa. Bibi anawapita wote, anampeleka hospitali akachomwe sindano siku ileile, kwa sababu ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Wenyewe anachanjwa. Kwa hiyo, Mheshimiwa, riwaya hii imekaguliwa na shekhe na afisa mifugo, na wote wawili wameipitisha.

Sasa tufike tulikokuwa tunakwenda, na tunadhani ulishajua ni wapi.

Klabu ina maombi mengi. Kuna mabati, kuna kabati la pili, kuna matundu ya vyoo. Hayo yote yako kwenye karatasi ya nyuma na Mwalimu Mkuu anayo. Leo tunaomba kitu kimoja tu: riwaya hii ichapwe iwe kitabu.

Tumeshaliomba jambo hili, na mengine yanayofanana nalo. Kamati inatunza daftari la ahadi, na kwa ruhusa yako tutalifungua kidogo. Mwaka 2022 mgeni rasmi aliahidi vitabu 200 kabla ya mwezi kuisha. Hakutaja ni mwezi gani. Mwaka 2023 mgeni mwingine aliahidi kompyuta, na siku ileile akatupa katoni mbili za maji, tukanywa, tunamshukuru. Mwaka 2024 tuliambiwa tuandike barua. Tuliandika. Tukaambiwa barua haina muhuri. Tukagonga muhuri. Tangu hapo barua "inafanyiwa kazi", na kwa muda ilioanza kufanyiwa kazi tunaamini sasa imechoka.

Mgeni wa mwaka jana ndiye aliyetuumiza, na tunasema hivi kwa heshima zote. Wakati huo tulikuwa na muswada uliopigwa chapa, kurasa 96, safi. Watoto walichanga shilingi 500 kila wiki mpaka steshenari ikalipwa. Mgeni aliusifu sana jukwaani. Akasema atausoma kwenye treni, na akifika Dar es Salaam ataukabidhi kwa rafiki yake mwenye mtambo wa kuchapa. Tulimsindikiza stesheni kwa ngoma. Treni ilifika, hilo tuliulizia. Tumepiga simu mara nyingi; mara yuko kikaoni, mara yuko msibani, na mara ya mwisho alipokea mtoto akasema, "Baba anasema hayupo." Hatutaji jina, kwa kuwa kamati ilikubaliana kutotaja, na kwa kuwa watu hukutana.

Flashi iliyokuwa na nakala ilipata virusi kule steshenari, ikafutwa yote. Tulitamani kupeleka muswada kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo inapokea hadithi za watoto pia, lakini hatukuwa na kitu cha kupeleka. Zimebaki kaunta buku tatu. Ya pili ililoa wakati wa masika kwa kuwa mwembe, pamoja na sifa zake zote, si paa. Kurasa za sura ya saba zimeshikana, na mtoto akitaka kuisoma huinua karatasi kuelekea dirishani asome pande mbili kwa mpigo, za mbele zikiwa sawa na za nyuma zikiwa kinyume. Wapo walioshazoea.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini msitoe fotokopi? Tumepiga hesabu. Kurasa 96 kwa shilingi 100 ni 9,600, ongeza kubana kwa waya 3,000, nakala moja inafika shilingi 12,600, nayo ikishikwa na darasa la tatu haimalizi muhula. Mtambo wa kuchapa ni tofauti, kwa kuwa gharama ya kutengeneza sahani za kuchapia kurasa ni ileile uchape nakala kumi au elfu, hivyo zikiwa nyingi kila moja inashuka bei. Ankara kifani tuliyonayo inasema nakala 500, zenye jalada gumu kidogo na gundi mgongoni, ni shilingi 2,400,000, yaani 4,800 kila kitabu. Namba ya ISBN, yaani namba ya kutambulisha kitabu, tutaiomba wenyewe kwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Kupata ithibati ya Kamishna wa Elimu ili kitumike kama kitabu cha ziada mashuleni ni safari nyingine, na hatutaki kukuchosha nayo leo. Kuzileta nakala hizo kwa treni ni juu yetu.

Akina mama wa kamati wameuza mawese na sambusa, na watoto wamechanga tena, safari hii kwa shingo upande. Tuna shilingi 385,000 mkononi. Pungufu ni 2,015,000.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba sana, usiahidi. Tunajua ni kawaida ya shughuli hizi, na mshereheshaji ameshika kalamu. Lakini kama unacho leo, kiwe kidogo au kikubwa, toa leo, tutakuandikia risiti papa hapa. Kama huna, simama utuambie huna. Tutakupigia makofi vilevile, tutakula pilau pamoja, na utaondoka Ujiji ukiwa mgeni wa kwanza ambaye hatumdai. Kwenye daftari letu ukurasa wako bado mweupe, na tungefurahi ubaki hivyo au uandikwe neno "amelipa".

Kaunta buku tatu ziko mezani mbele yako, zimefungwa kwa kitenge. Karibu uzifungue, usome, upigwe picha nazo. Mwanafunzi aliyesimama kulia kwako hayupo hapo kwa ajili ya kukupepea. Ni mtunza maktaba wa klabu, ameagizwa asisogee mpaka azipokee zote tatu mkononi, na ukimwuliza ni za nani atakujibu kama bibi yake Tatu.

Ni sisi, Kamati ya Klabu ya Kusoma.
Imesomwa na Katibu.