Kuhusu dodoso lako

Mpendwa Rehema,

Salamu kwako na kwa watoto. Huku Arusha sote tu wazima, ila baridi haijatuacha.

Dodoso lako la kupima jinsi watu wanavyoamini mambo yasiyo na ushahidi nimelisoma mara mbili, kisha jana nikamjaribia shangazi. Alikuwa barazani anachambua mchele. Kwamba nyota ya kuzaliwa huamua tabia ya mtu, akakubali bila hata kuinua macho. Tamko la pili, akakubali vilevile. Tulipofika kwenye dawa moja inayoponya maradhi yote, mkono wake ukatulia juu ya ungo.

"Unaniuliza kama naamini, au kama nilikunywa?"

Hukuwa unajua, na mimi nilishasahau: mwaka 2011 alikwenda Loliondo. Alilala siku tatu kwenye foleni ya magari kuelekea Samunge, akatoa shilingi 500, akapokea kikombe cha dawa cha Babu Mwasapile, yule mchungaji mstaafu. "Kuamini sikuamini," akaniambia. "Nilikuwa na mtoto anayezidi kuisha mikononi mwangu."

Sasa tazama fomu yake, Rehema. Kwenye nyota, ambazo hazimgusi, amepata alama za juu. Kwenye kikombe alichokisafiria siku tatu, amejibu "sikubali". Geuza baadhi ya matamko yawe ya kukanusha, uwaone wanaokubali kila kitu kwa adabu tu. Na uulize pia mtu amefanya nini, lini, na nyumbani kulikuwa na nini wakati huo.

Hili la mwisho ndilo linalonikosesha raha. Unapanga kulinganisha alama hizi na yale maswali 9 ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, yanayouliza kuhusu wiki 2 zilizopita na alama zake kujumlishwa hadi 27. Ukikuta wanaoamini sana ndio wenye sonona zaidi, tafadhali usiandike kwamba imani ndiyo imewaumiza. Umewapima mara moja tu. Shangazi uchungu ulimtangulia, safari ikafuata. Mwingine huenda aliacha vidonge vyake kwa sababu ya kikombe, na huyo kweli imani ilimdhuru. Kwenye jedwali lako watakaa mstari mmoja.

Maswali ya sonona nayo nilimsomea. Kwenye lile la usingizi alinyamaza kidogo, akasema "karibu kila siku", kisha akataka kujua ni nani atakayerudi kumwona. Karatasi yako haisemi. Niandikie kabla ya Jumapili, maana nitapita tena kwake na sitaki kumdanganya.

Wako,
Neema