Bilioni za kwenye kichwa cha habari hazizibui mtaro

Ndugu Mhariri, salaam. Nina neno na habari zenu za mabaraza ya madiwani, hasa sisi wa hii miji midogo ya pwani. Kila msimu wa bajeti mnaandika vilevile, madiwani wapitisha bilioni kadhaa, picha ya meza kuu, mwenyekiti kasema hivi mkurugenzi kasema vile, imeisha hiyo mpaka mwakani.

Sasa hizo bilioni ukizichambua, sehemu kubwa ni mishahara ya walimu na manesi inayotoka hazina, halafu ruzuku ya miradi na pesa za wahisani ambazo zimeshapangiwa kazi kabla diwani wetu hajafungua kabrasha. Pale anapoweza kubishana kweli ni kwenye mapato ya ndani, yaani ushuru wa soko, leseni, stendi, machinjio, vibali vya ujenzi, samaki pale mnadani. Na hicho ndo kipande nyie hamkigusi!

Na chenyewe hakibaki kizima. Asilimia 10 kisheria inaenda kwenye mikopo ya vikundi isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo ikasimamishwa 2023, ikarudi 2024, sawa, lakini vile vikundi vilivyokopa zamani vimerudisha ngapi? Mtaani kwetu kuna watu wanalijua jibu ila hawasemi manake kikundi ni cha shemeji yake.

Kingine, na hiki wa bara wanaweza wasinielewe. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, na Julai huku upepo wa kusi unavuma haswa, ngalawa na mashua ndogo zimevutwa juu, mnadani unamkuta mkusanya ushuru kakalia ndoo iliyofunikwa, mashine ya kukatia risiti (POS) mapajani, anachat. Halafu ikifika Oktoba tunasomewa kwamba robo ya kwanza makusanyo yako chini ya lengo kwa sababu mbalimbali, sababu mbalimbali ndo nini jamani, upepo huu babu zetu waliukuta. Aliyeweka lengo la robo ya kwanza alimuuliza mvuvi gani? Mwandishi wenu angemuuliza mweka hazina swali hilo palepale ukumbini mimi ningenunua nakala mbili.

Halafu kuna mtaro nyuma ya soko letu, umejaa mifuko, makumbi ya nazi na magamba ya samaki, masika yakianza maji yanapanda mpaka yanazima majiko ya mama ntilie. Ukienda halmashauri unaambiwa mtaro wa TARURA huo, yaani wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ni kweli barabara za mitaa ziko kwao tangu 2017, hatubishi, ila kilichoziba mtaro si barabara ni taka, na pesa ya taka tunailipa halmashauri, risiti ninazo. Kwa hiyo kwenye bajeti hiyo kazi iko kifungu gani? Nilimuuliza mjumbe akanitupia kwa mtendaji, mtendaji akanitupia kwa bwana afya, bwana afya yuko semina.

Nisiwaonee sana madiwani lakini. Hii kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, ilianza 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida, 2023 ikawa 1,500, mtu akinunua umeme akikatwa anamtukana diwani, wakati kiwango hicho hakukipanga yeye. Kama gazeti halielezi nani anachukua nini basi kila mtu anatukana aliye karibu naye, na diwani ndo jirani.

Ninachoomba ni kidogo tu. Mkitoka kwenye kikao cha kupitisha bajeti msitupotee, rudini Januari nusu mwaka ikiisha, kaeni viti vya nyuma, chukueni mapato ya ndani peke yake muandike mistari mitatu, tulipanga kukusanya ngapi, zimeingia ngapi, zimetumika wapi, kata kwa kata kama inawezekana. Nafasi mtaipata kwenye ile picha ya meza kuu, nyuso zile tunazijua na wengine ni wajomba zetu.

Msomaji wenu, pwani.