Mawe ya pwani yarudishwe kama yalivyokutwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaombe wote wanaoshuka pwani maji yanapokupwa, wawe wachokoaji wa pweza, waokotaji wa kombe au wageni wanaotembezwa, wayarudishe mawe wanayoyapindua kama walivyoyakuta.

Jiwe la mwambani lina pande mbili zenye wakaazi tofauti. Juu, penye mwanga, huota mwani unaoliwa na konokono wa baharini. Chini, penye kivuli na unyevu, hushikamana sponji, minyoo wanaojijengea vijumba vya chokaa na mayai ya samaki, na kaa wachanga hujificha humo. Jiwe likiachwa limepinduka, mwani hukosa mwanga na waliokuwa chini huunguzwa na jua, hivyo pande zote mbili hufa kwa tendo la mara moja.

Kwetu Unguja madhara haya huzidi kwa sababu ya saa. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, tofauti ya kujaa na kupwa ikifika kama mita 4. Kwa hiyo sehemu ya chini kabisa ya mwamba, ambayo viumbe wake hawakuzoea kukaa nje ya maji, hufunuliwa wakati jua linapanda kuelekea utosini, na ndizo saa watu wengi wanapokuwa pwani. Chaza wa miamba ya juu hufunga magamba yake akasubiri maji yarudi. Sponji hana cha kufunga.

Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kama 3 ili pweza wakue, na hatua hiyo ninaiunga mkono kwa moyo wote, kwani pweza hukua upesi sana. Lakini pweza hula kaa na kombe, na wengi wa kaa hao hulelewa chini ya mawe haya haya. Siku ya kufungua, umati ukiupindua mwamba mzima na kuuacha hivyo, tunavuna pweza wa leo na kukiharibu chakula cha watakaofuata. Tena hakuna haja: mchokoaji mzoefu hulitambua pango la pweza kwa magamba yaliyorundikana mlangoni.

Naziomba kamati za wavuvi za shehia ziliweke sharti la kurudisha mawe pamoja na masharti ya kufunga na kufungua mwamba, na wanaowatembeza wageni walieleze kabla ya watu kuvua viatu.

Msomaji wako,
Kusini Unguja