Mbolea ya mtama tupime kwa mvua, sio kwa mfuko

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu tunaolima mtama huku Kongwa na Dodoma yote, na mabwana shamba wetu pia wasikie.

Msimu wa juzi dukani niliambiwa niweke mfuko mzima wa mbolea ya yurea kwa ekari, kama wanavyoweka kwenye mahindi Mbeya. Nikamwaga juu juu tu, mawingu yalikuwepo nikajua jioni inanyesha, haikunyesha siku tisa. Asubuhi yake umande umelowesha, unapita shambani unasikia harufu kali kama zizi la mbuzi, ile ndio naitrojeni yenyewe, chakula cha mmea kilichomo kwenye yurea, inapaa, hela yangu hiyo inaondoka na mimi nimesimama pale pale.

Halafu tufanye hesabu jamani. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Gunia la kilo 100 la mtama linatoka shambani na kama kilo moja na nusu hivi ya hiyo naitrojeni. Sasa kwa mvua zetu hizi za milimita 500 na kitu, ekari ikikupa gunia tano unamshukuru Mungu, hizo ni kama kilo saba na nusu tu, kilo zingine zinaenda wapi? Zinaenda kwenye majani. Mtama unanenepa Januari, unakunywa maji yote ya chini, jua la Februari linaukuta ndo unatoa suke na chini hakuna kitu, punje zinabaki nyembamba kama ulezi.

Sisemi tuache mbolea, hapana, ardhi iliyochoka ndo kiduha wanaipenda, yale magugu yanayonyonya mizizi ya mtama, hata ukipanda mbegu zinazokistahimili kama Hakika au Wahi bado udongo unataka kulishwa, na samadi ikiwepo weka. Ila msimu uliopita nilisubiri mtama ufike majani sita saba, mvua ikanyesha vizuri, nikatoboa na kijiti vidole vitatu kutoka kwenye shina, kifuniko kimoja cha soda kwa mashina matatu, nikafukia hapo hapo. Ekari ikala nusu mfuko tu na masuke yalijaa.

Kwa hiyo nawaomba mabwana shamba wetu, mkija msituulize ekari ngapi peke yake, ulizeni na udongo umelowa mpaka wapi. Mimi siku hizi nachimba na jembe kwanza, nikikuta pamekauka kabla mkono haujazama mpaka kiwiko, mbolea inabaki stoo.

Mkulima wa mtama,
Kongwa, Dodoma