Barua kwa Mwanangu Kabla ya Msimu wa Nyangumi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Nimefurahi kusikia kwamba mwezi wa Agosti utakuja Watamu na wenzako wa chuo ili mpande chombo kwenda kutazama nyangumi. Wakati huo ndio wao, kwani nyangumi wenye nundu hutoka kwenye maji ya baridi ya Antaktika na kupita pwani yetu kati ya Julai na Oktoba. Ila ndio msimu wa kusi pia, na nje ya mwamba bahari huchafuka hata mwenye tumbo jepesi akatamani nchi kavu.

Ninalotaka ulielewe mapema ni kwamba nyangumi hawa hawaji huku kula. Chakula chao, viumbe wadogo wanaofanana na uduvi, wamekiacha kusini. Huku wanakuja kupandana na kuzaa. Jike huzaa ndama mmoja, mwenye urefu wa mita 4 hivi, akamnyonyesha ilhali yeye mwenyewe anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Chombo kinapomfukuza, kinamfanya atumie akiba ambayo hawezi kuijaza mpaka arudi alikotoka. Kwa hiyo nahodha mwenye adabu hukaa mbali, mita 100 au zaidi, hupunguza mwendo, wala hapiti kati ya mama na mtoto. Abiria wanaomshurutisha asogee kwa sababu wamelipa hunikera kuliko mawimbi.

Tazameni upeo wa macho mpaka muone pumzi ikiruka juu kama moshi. Nyangumi akiinua mkia kabla ya kuzama, mpigeni picha upande wa chini, kwa maana madoa yake hayafanani na ya mwingine, na watafiti humtambua kwayo.

Pomboo mtawaona bila taabu. Maji yakitoka, nendeni Mida, kwenye mikoko, mkawatazame ndege weupe wenye migongo myeusi wanaokula kaa. Baadhi yao huanza kufika Agosti, baada ya kutaga katika mashimo wanayochimba mchangani huko Ghuba na Oman.

Niandikie mtakuwa wangapi, ili nizungumze na nahodha mapema. Nitamwomba muondoke alfajiri, kabla upepo haujapata nguvu.

Mimi mama yako.