Barua ya wazi kwa Ndugu Afisa Elimu: sado yangu bado iko stoo

Kwako Ndugu Afisa Elimu Msingi wa manispaa yetu, Dar es Salaam.

Shikamoo. Najua una kazi nyingi. Na mimi genge langu la nyanya linanisubiri, kwa hiyo sizunguki.

YAH: MAKOPO YALIYOFUNGIWA STOO

Jumatatu mwanangu wa darasa la tano karudi na karatasi ya jaribio la Hisabati. Swali la nne linasema: "Kadiria 48 × 21." Kaandika 50 × 20 = 1,000. Kapigwa kosa kwa wino mwekundu, pembeni kaandikiwa 1,008. Umeme ulikuwa umekatika, nikaisoma karatasi ile mara tatu kwa tochi ya simu. Ndugu Afisa, 1,008 si kadirio, ndiyo hesabu yenyewe. Mtoto kaambiwa akadirie, kakadiria, kanyimwa alama. Akaniuliza, "Mama, kwani kukadiria ni kosa?" Nikamwambia alale.

Unaukumbuka mkutano wa wazazi wa Februari? Ulisimama chini ya mwarobaini ukasema Hisabati sasa inashuka ubaoni: watoto watakisia maji ya ndoo kabla ya kuyapima, watakisia urefu wa uwanja ndipo waupige hatua, watapelekwa hadi sokoni. Ukatuomba makopo na chupa tupu. Tukapiga makofi. Mimi nikatoa sado yangu ya kupimia maharage, na tangu siku hiyo naazima kwa jirani, ambaye naye sasa ameanza kununa. Makopo yetu yako stoo ya shule, juu ya madawati mabovu. Nimeyachungulia dirishani mwenyewe.

Usidhani nalilia alama moja. Jumamosi nilimwachia genge nusu saa. Mteja kachukua vitu vya shilingi 4,500, katoa noti ya 10,000. Mwanangu akapanga tarakimu kwenye kipande cha boksi kama alivyofundishwa, akasahau kukopa, akarudisha 6,500. Elfu moja yangu imekwenda, na faida ya siku nzima saa nyingine haifiki mbali na hapo. Angejiuliza tu, elfu nne na nusu na elfu sita na nusu si zinapita kumi? Hajazoeshwa kujiuliza. Kazoeshwa kupanga tarakimu.

Mimi nikienda Ilala alfajiri kufuata nyanya, sihesabu moja moja. Nalitazama tenga, nalisukuma kwa goti, natoa mawazoni zile zilizopondeka chini, najua yatatoka mafungu mangapi. Huko si kubahatisha. Anayebahatisha hana pa kuanzia. Mimi naanza na tenga la jana. Nimeishia darasa la saba, lakini hili nalijua.

Kwa nini makopo hayatoki? Nadhani ni mitihani, maana kisio halina herufi ya kusiliba, na shule zinatazamwa kwa wastani wa alama. Au ni wingi: mwalimu mmoja, watoto mia na kitu, nani atawamwagia maji wote hao? Simlaumu mwalimu. Au funguo zimepotea tu na hakuna aliyethubutu kukwambia. Na hawa ndio walioingia darasa la tatu Januari 2024 na mtaala ulioboreshwa, tukaimbiwa umahiri, umahiri. Umahiri wenyewe ndio ule niliouchungulia dirishani?

Sidai kompyuta. Sidai hata ile alama, ingawa ni haki yake. Naomba ndoo moja ya lita 20, sado moja ya lita 4 na dakika kumi. Mwalimu aulize, sado ngapi zitajaza ndoo? Kila mtoto aandike kisio lake kwanza, ndipo wamimine. Aliyeandika tatu na aliyeandika tisa wote wataiona tano kwa macho yao, na siku ya pili, kwa kopo dogo, utaona watakavyosogea karibu.

Stoo ifunguliwe. Ndugu Afisa, nakuomba, stoo ifunguliwe.

Na kama haifunguliwi hadi shule zifungwe, basi nirudishiwe sado yangu. Ina doa la rangi ya bluu mdomoni, na mkono wake wa waya nimeuzungushia kipande cha kanga. Nitaijua hata gizani.

Wako,
Mzazi mwenye genge